Upepo Unaotoka Nyuma

Mtu akiona gari lisilo na paa hudhani kwamba aliyemo hupigwa na upepo usoni. Nami nilidhani hivyo hadi mwaka 1968, siku Bwana Bhupendra aliponiita dukani kwake Manundu, hapa Korogwe, akaniambia shingo yake inamtesa.

"Shingo, Rehani. Uso hauna shida, uso una kioo. Nyuma hapa, kama kuna mtu amekaa ananizaba makofi."

"Labda ni mwenye gari wa zamani," nilimwambia. "Bado ana hasira."

Alicheka mpaka miwani ikamshuka. Gari lenyewe alikuwa amelinunua kwa injinia mmoja wa mashamba ya mkonge, aliyefunga mizigo akaondoka mashamba yalipotaifishwa. Lilikuwa dogo, la kijani, la viti viwili, limeundwa Uingereza nilipokuwa bado sijaanza shule. Bwana Bhupendra aliuza vipuri vya magari, na alikuwa na pikapu ya kubebea mzigo wa duka. Lile la kijani lilikuwa la kumfurahisha tu. Mimi nilikuwa fundi wa viti. Nilisoma hadi kidato cha pili, baba akafariki, nikarudi nyumbani nikashika sindano na turubai. Kibanda changu kilikuwa nyuma ya duka lake.

Kofia mbili alikuwa ameshazipoteza kwenye mikonge ya njia ya Mkumbara. Mkewe, Bibi Chandrika, alipanda mara moja, ushungi wa sari ukapeperuka ukamfunika dereva macho, wakaponea chupuchupu kutumbukia mtaroni. Akaapa hapandi tena.

Nilikata nyuzi za katani, kila mmoja urefu wa kidole, nikazifunga kila mahali: kwenye ukingo wa kioo, milangoni, mabegani mwa viti, nyuma ya shingo zetu. Mke wangu, Tatu, alipita akitoka sokoni, tumbo limefika mwezi wa saba. Akasimama, kapu kichwani.

"Mmeamua kulisuka gari la watu?"

"Tunatafuta upepo," nikasema.

"Si mnitafutie na mimi? Nyumbani kwako kuna joto la kuivisha ndizi."

Bwana Bhupendra aliendesha kwenda Mkumbara, nami nimegeuka kama mtoto, nimepiga magoti kwenye kiti nikitazama nyuzi. Zile za kwenye kioo zililala kuelekea nyuma, kama nilivyotazamia. Zile za nyuma ya viti zilielekea mbele. Nilimwambia apunguze mwendo, aongeze, apunguze tena. Hazikubadilika. Upepo uliruka juu ya kioo, ukaangukia nyuma yetu, ukazunguka na kurudi kwa kishindo shingoni, kama maji yanavyozunguka nyuma ya jiwe mtoni.

Basi nilijua pa kuuzuia. Nilikata ubao wa plaiwudi, nikausimamisha nyuma ya viti, upana wa gari zima, kimo cha masikio yetu. Tukaenda tena. Kwenye mteremko Bwana Bhupendra aliniambia niwashe kiberiti. Niliwasha, na moto ukasimama wima.

"Rehani, wewe ni injinia!"

Lakini tulipofika Mkumbara alishuka akishika kichwa. "Nanusa moshi," akasema. Mimi pia kichwa kiligonga. Tulikunywa chai, tukakaa kivulini, kikapoa. Tulilala chini ya gari tukaona bomba la moshi limetoboka, hapo hapo chini ya kiti cha kushoto. Tulilizungushia kopo la maziwa tukalikaza kwa waya, naye akasema atampelekea mtu wa kuchomea baadaye. Nilitoa ule ubao, mahali pake nikaweka wavu wa chuma wenye tundu ndogo, wa kuchekechea mchanga. Wavu ulivunja nguvu za upepo lakini ukaacha kidogo kipite, na hicho kidogo kikafagia moshi. Bibi Chandrika alipanda hadi Mkumbara na kurudi, ushungi begani. Tukaona kazi imekwisha. Moshi kwetu ulikuwa harufu mbaya tu. Kila jiko lina moshi, na hakuna mtu aliyetuambia kwamba upo unaoua.

Tatu alipofikisha mwezi wa nane alikwenda kwa mama yake Mazingara, Handeni, kwa kuwa mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Kwenye mlango wa basi aliniambia nisimwache mtu yeyote alale upande wake wa kitanda, hata paka.

Wiki ya tatu, Hiza, kaka yake, aliteremka kwenye basi la asubuhi, akaja moja kwa moja kibandani. Hakukaa.

"Shemeji, Tatu amejifungua juzi. Mtoto wa kike, mzima. Lakini damu haikatiki. Mganga wa zahanati amesema aletwe Korogwe aongezewe damu, leo, si kesho."

Basi lisingerudi Handeni mpaka kesho yake. Pikapu ya duka ilikuwa Tanga, imefuata mzigo. Bwana Bhupendra alisikiliza akiwa nyuma ya kaunta, akatia mkono mfukoni, akanipa ufunguo wa gari la kijani kabla sijamwomba.

"Mashimo ya Sindeni, pita taratibu," alisema. Halafu akasema, "Hapana. Usipite taratibu."

Tulifika Mazingara saa nane mchana. Tatu alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba chumbani kwa mama yake. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na midomo pia, kama ya mtu aliyekula unga. Aliponiona alitaka kucheka.

"Umekuja na lile lililosukwa?"

"Ndilo lililokuwapo."

"Leo nitapanda kama mke wa Mhindi."

Mtoto alikuwa amelala kando yake, ngumi mdomoni. Nilimwangalia kidogo tu. Nilijua kwamba nikimwangalia sana nitachelewa.

Mama mkwe wangu, Bibi Mwanaidi, alikuwa amesimama nje akilitazama gari. Kwetu sisi Wazigua mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Humkazii macho, hukai naye mkeka mmoja, na neno lake hulijibu kwa kulikataa. Yeye naye hasemi nawe uso kwa uso. Aliligeuzia gari mgongo, akaongea na mwanawe.

"Hiza. Mwambie mwenzio kwamba mzazi wa siku mbili hapandishwi kwenye kitu kisicho na paa. Upepo ukimwingia, hicho ndicho kifo chake."

Hilo sikulibishia hata moyoni. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, hufunikwa, hukandwa kwa maji ya moto, na madirisha huzibwa. Nimeona wanawake waliotoka mapema, wakashikwa na homa na kutetemeka, na wote walisema ni upepo.

"Mwambie mama," nilimjibu Hiza, "nimeuziba. Upo wavu nyuma, na mbele kuna kioo."

Bibi Mwanaidi alisogea, akapitisha vidole kwenye tundu za wavu. "Hiza, mwulize mwenzio, wavu unazuia upepo au unazuia kuku?"

Wanawake waliokuwa uani walicheka kidogo.

"Azibe," akasema. "Azibe kote. Asipoziba, mwanangu hatoki hapa."

Niliukumbuka ule ubao wa plaiwudi. Naandika hili kwa kuwa ni kweli. Nilisimama pale, ufunguo mkononi, nikakumbuka kichwa changu kilivyogonga Mkumbara na Bwana Bhupendra alivyosema ananusa moshi. Nilitaka kumwambia Hiza amwambie mama kwamba penye wavu ndipo moshi unapopitia kutoka. Lakini hilo lingekuwa kumkatalia mkwe mbele ya watu, mlangoni kwake, kwa sababu ya harufu, huku mwanawe akimwaga damu. Na kila dakika ya kubishana ilikuwa inatoka kwa Tatu. Nikasema moyoni, kopo la maziwa lipo, na moshi si kitu.

"Mwambie mama nahitaji turubai."

Alikuwa nalo, la kuanikia mahindi, zito, halina tundu. Hakukubali likatwe, kwa hiyo nilishona pindo tu. Sindano ya magunia sikosi kutembea nayo. Nililishona kwenye wavu kutoka juu hadi chini, nikalivuta mbele juu ya kiti cha kushoto, nikalifunga kwenye ukingo wa kioo na mlangoni. Kiti nilikiinamisha na kutandika godoro la pamba. Upande wa dereva niliuacha wazi. Upande wa Tatu ukawa chumba kidogo chenye giza, na kando ya kioo niliacha pembe moja ya turubai ya kufungua na kufunga.

Bibi Mwanaidi aliingiza mkono wake ndani, akaushikilia humo muda mrefu akipima.

"Mwambie amefanya kazi," alisema.

Tulimbeba Tatu tukamlaza. Akamtaka mtoto.

"Nipeni, atanyonya njiani."

"Mtoto hatoki ndani kabla kitovu hakijaanguka," mama yake alisema. Safari hii aliongea naye mwenyewe. "Utamkuta. Jirani atamnyonyesha."

"Mama, nitamweka kifuani. Humu hakuna upepo."

"Hatoki."

Tatu alilia kidogo, kisha akaacha. Hiza alibaki, kwa kuwa mahali pa mtu wa tatu hapakuwapo. Tuliondoka saa tisa kasoro.

Njia ya Handeni ilikuwa mbovu. Mimi upepo ulinipiga shingoni mfululizo, na kila uliponipiga nilifurahi, kwa kuwa nilijua yeye haumfikii. Tuliongea kwa kupiga kelele.

"Unaupata?"

"Nini?"

"Upepo!"

"Hata chembe! Umenifunga kama robota la katani!"

"Joto?"

"Kama nyumbani kwako!"

Tulipita Handeni mjini. Nilisimama nikampa maji. Alikunywa, akasema kichwa kinamwuma. Nikamwambia ni damu iliyopungua, akiongezewa ataona nafuu. Akaniuliza mtoto anafanana na nani. Nikasema na yeye.

"Mwongo. Hukumtazama."

"Nilimtazama."

"Nilikuwa nakuangalia. Ukirudi umtazame vizuri. Tumwite Zamda."

"Tutamwita pamoja."

Nilifunga pembe.

Baada ya Misima tulipiga shimo moja kubwa, na mngurumo wa gari ukabadilika. Uliongezeka, ukawa wa kukoroma. Nililisikia hilo. Fundi yeyote angejua kwamba kitu kimelegea kwenye bomba. Nikasema nitalishughulikia Korogwe, nikakanyaga mafuta.

"Rehani," aliita. Sauti ilikuwa chini, nilipunguza mwendo ili nimsikie. "Nasikia usingizi."

"Lala," nikamwambia. "Ukiamka tumefika."

Ndilo neno la mwisho nililomwambia.

Sindeni nilisimama tena. Nilifungua pembe nikamwona amelala, kichwa kimeegemea upande wa mlango, na jasho kwenye paji. Nilitazama midomo yake. Haikuwa myeupe tena. Ilikuwa na wekundu, na mashavu pia, kama siku alipopita na kapu kichwani. Nilifurahi mno. Nikasema damu imeanza kurudi yenyewe, pumziko na joto vimemsaidia, mama mkwe alisema kweli. Harufu ya moshi ilitoka, nikaona ni ya injini kwa kuwa nimesimama. Nilifunga ile pembe vizuri kuliko mwanzo, nikahakikisha upepo hauna pa kuingilia.

Kutoka hapo sikumwita tena. Sikutaka kumwamsha. Nilipiga hesabu ya maili mpaka daraja la mto Pangani, na nilipolivuka jua lilikuwa juu ya milima ya Usambara bado. Nilisema kwa sauti, "Tumefika, Tatu."

Hospitalini watu wawili walikuja na machela. Nilikata kamba za turubai kwa kisu. Walimwinua, na mkono wake ukaanguka, wala hakuurudisha.

Mganga msaidizi aliyempokea aliitwa Lukasi, mtu wa makamo kutoka Lushoto. Alimsikiliza kifua, akamfungua jicho, akasikiliza tena. Kisha aliinama akainusa kanga yake.

"Mlikuwa na jiko la mkaa ndani ya gari?"

"Hapana."

"Mbona nguo zinanuka moshi hivi?"

Nilimweleza. Wavu, turubai, bomba, kopo la maziwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye benchi pamoja nami. Akasema kuna hewa katika moshi wa gari ambayo mtu haioni, na inaweza kumlaza kabla hajaigutukia. Inaingia kwenye damu na kuchukua mahali pa hewa njema, na huipa ngozi rangi nzuri. Akasema mtu mwenye damu nyingi angestahimili muda kidogo. Yeye hakuwa nayo.

"Angepata upepo kidogo," alisema, akaishia hapo. Nadhani aliona uso wangu.

Asubuhi Bwana Bhupendra alilala chini ya gari kwa shati lake jeupe la dukani. Kopo lilikuwa limeng'oka. Tundu lilikuwa pana, vidole vitatu vinaingia, na mbao za sakafu juu yake zilikuwa zimeoza chini ya zulia. Alitoka akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu.

"Bomba ni langu," alisema. "Nilisema nitalichomea. Wiki sita nasema nitalichomea."

"Turubai nilishona mimi."

"Rehani, bhai, ndugu yangu, bomba ni langu."

Hatukuendelea. Pikapu ilikuwa imerudi usiku kutoka Tanga, akapakia lile turubai la mama mkwe na kila kilichohitajika kwa mazishi, akaendesha mwenyewe kumpeleka Tatu Mazingara.

Tulimzika adhuhuri. Baadaye, watu walipotawanyika, Bibi Mwanaidi alikuja akasimama upande wa pili wa ukuta wa jiko, mahali ambapo hatukuonana, akamwita Hiza.

"Mwulize mwenzio. Upepo ulimpata mwanangu?"

Hiza alinitazama. Yeye pia hakujua.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema. Nilikuwa na maneno ya Lukasi yote, kwa mpangilio. Nikausikia mkono wake ukisugua ule ukuta wa udongo, akingoja. Huyu ndiye aliyenilazimisha kuziba. Ndiye pia aliyekataa mtoto apandishwe; angekubali, ningewatoa wawili chini ya turubai. Kama ningesema lile la kwanza, angelibeba mpaka kaburini. Lile la pili lisingempunguzia.

"Mwambie mama haukumpata."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mkono uliacha kusugua ukuta.

"Basi ni damu," alisema. "Sisi tulifanya tulichoweza. Mwambie mwenzio Mungu amlipe kwa kazi yake."

Miaka kumi alinishukuru hivyo. Kila nilipokwenda kumwona Zamda alitafuta mtu wa kupitishia shukrani. Wageni aliwasimulia: mkwe wangu alimziba mwanangu hata nywele haikutikisika. Mimi nilikaa nje nikisikiliza. Bwana Bhupendra na Bibi Chandrika walihama mwaka 1972, gari wakaliacha nyuma ya duka, halina magurudumu, na ule wavu umeota kutu. Mwaka 1974 watu wa Mazingara walihamishiwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Nyumba zilivunjwa, kaburi la Tatu likabaki mahame, katikati ya vichaka. Bibi Mwanaidi alihama na vyombo vichache, na turubai lake juu.

Mwezi uliopita alifariki. Hiza alinitumia habari, nikaenda. Kwenye matanga mikeka haikutosha, wakatandaza turubai uani ili wanawake na watoto wakae. Nililitambua kabla sijafika karibu. Kwenye pindo mishono yangu bado ipo, mikubwa na ya haraka, uzi wa katani umekuwa mweusi.

Nilikaa chini, kwenye vumbi, hatua moja kutoka ukingoni. Zamda alikuwa katikati ya watoto wenzake, amekunja miguu, anafanana na mama yake, mdomo ule ule. Alisogea akapiga mkono kando yake.

"Baba, njoo ukae huku. Nafasi ipo."

"Hapa panatosha."

"Utachafuka."

"Panatosha, mama."

Aliniangalia kidogo, kisha akainama akaanza kuchezea mshono mmoja kwa ukucha, akiuvuta, akiuvuta, na haukukatika.